Saa Tatu Kabla ya Ndege: Zinakwenda Wapi, na Nani Anazihitaji

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ya ndege ni wa rubani. Ndege ya saa kumi jioni, ikifika saa kumi kamili, inatakiwa iwe imefunga milango, ngazi imeondolewa na magurudumu yanaanza kusogea. Msafiri ana saa yake nyingine ambayo mara nyingi haikuandikwa kwa herufi kubwa popote: dakika ya kufungwa kaunta. Kwa safari za nje, mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya kuondoka. Kwa safari za ndani ni kati ya nusu saa na dakika 45. Lango la kupandia nalo hufungwa robo saa hivi, pengine dakika 20, kabla ya ndege kuondoka. Anayepanga siku yake kwa kuhesabu kurudi nyuma kutoka saa kumi amejipunja saa nzima kabla hata hajaita teksi.

Kila anayepita viwanjani mara kwa mara ameshawaona watu waliofika mbele ya kaunta iliyofungwa wakati ndege bado iko chini. Wanabembeleza, wanapandisha sauti, wengine wanalia. Mfanyakazi anawatazama kwa huruma na hana la kufanya. Uchungu wao unazidi kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza saa ile moja inafanya kazi gani. Ni vizuri tuieleze hapa, maana anayeielewa anakuwa ameshapata sehemu kubwa ya jibu la swali ambalo kila familia inauliza usiku wa kufunga mabegi: tutoke saa ngapi?

Kaunta inapofungwa, hesabu ya uzito inafungwa nayo. Kabla ya kuruka, rubani lazima apewe karatasi inayoonyesha abiria ni wangapi, mizigo ina kilo ngapi, imepangwa sehemu gani ya tumbo la ndege, na mafuta ni kiasi gani. Kutokana na karatasi hiyo ndipo anapojua ndege itahitaji kasi gani ili inyanyuke na uzito wake umeelemea wapi. Katika ndege ndogo zinazokwenda Unguja, Mafia au Serengeti jambo hili halifichiki: abiria mwenyewe anaweza kuambiwa apande kwenye mizani pamoja na begi lake, na begi lenyewe mara nyingi haliruhusiwi kuzidi kilo 15. Katika ndege kubwa mizani ya watu haipo, lakini hesabu ni ileile, na haiwezi kukamilika huku watu wakiendelea kuongezeka.

Kisha kuna mabegi. Kila begi lililopokelewa linapita kwenye mashine ya ukaguzi, linapangwa, linabebwa hadi kwenye ndege na kupakiwa. Na begi halitakiwi kusafiri bila mwenye nalo. Utaratibu huo una damu nyuma yake. Tarehe 23 Juni 1985, ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya bahari karibu na Ireland na kuua watu wote 329; bomu lilikuwa ndani ya begi la mtu aliyekabidhi mzigo kisha asipande. Desemba 1988 ikafuata ndege ya Pan Am iliyolipuka juu ya mji wa Lockerbie huko Scotland, watu 270 wakafa, nayo ililipuliwa na sanduku lililosafiri bila mwenyewe. Ndiyo sababu abiria aliyekabidhi begi akakawia dukani au akasinzia mahali, jina lake hutangazwa mara tatu, mara nne, kisha vijana wa mizigo wanaingia tumboni mwa ndege kulitafuta begi lake kati ya mamia wakalitoe. Abiria wote waliofika mapema wanakaa wakisubiri. Kuchelewa kwa mtu mmoja hakumhusu yeye peke yake, na hili tungepaswa kulisema mara nyingi zaidi kuliko tunavyolisema.

Ukaguzi wa abiria wenyewe nao umeongezeka tabaka juu ya tabaka. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 kule Marekani, milango ya ukaguzi iliongezwa kila mahali. Agosti 2006, polisi wa Uingereza waligundua njama ya kulipua ndege kwa vilipuzi vya maji vilivyofichwa kwenye chupa za vinywaji, na tangu hapo kwenye viwanja vingi duniani mzigo wa mkononi hauruhusiwi kuwa na chupa ya kimiminika inayozidi mililita 100. Kwetu sheria hiyo inaangukia kwenye asali ya Tabora na samli ambayo bibi aliitengeneza kwa mikono yake. Chupa ya lita inaachwa kwenye pipa mbele ya macho ya mjukuu, wakati ingewekwa kwenye begi la chini, ikafungwa vizuri, ingefika. Afrika Mashariki yenyewe haikupona: Novemba 2002 ndege ya Israel iliyokuwa inapaa kutoka Mombasa ilirushiwa makombora, yakaikosa, siku ileile hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa kwa bomu. Atakayekuta magari yamepanga foleni kwenye kizuizi cha kuingilia Uwanja wa Jomo Kenyatta jijini Nairobi, abiria wakishuka na kutembea kupita kwenye mashine huku dereva akipitisha gari peke yake, akumbuke kwamba foleni ile ina historia yake. Na aiwekee dakika zake, kwa sababu bado hajafika hata kwenye jengo.

Barabara ndiyo sehemu ambayo hakuna shirika la ndege litakalokuhesabia. Jijini Dar es Salaam, Uwanja wa Julius Nyerere uko kilomita kumi na kitu tu kutoka Posta, na usiku wa manane gari linafika kabla mazungumzo hayajanoga. Ijumaa jioni ni habari nyingine. Barabara ya juu ya Mfugale pale TAZARA, iliyofunguliwa mwaka 2018, imepunguza adha iliyokuwa inawafanya watu washuke kwenye teksi na kurukia bodaboda na begi kichwani, lakini msongamano unajua kuhama. Anayetoka Tegeta au Bunju ana Mwenge, ana Ubungo, ana Buguruni kabla ya kuiona TAZARA yenyewe. Mvua za masika zikishuka na maji yakajaa Jangwani, Barabara ya Morogoro inafungwa na magari yote yanamiminikia njia zilizobaki. Msafiri wa Aprili asitumie hesabu ya msafiri wa Agosti.

Wenzetu wana yao. Jijini Nairobi, barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyoanza kutumika mwaka 2022, imeufanya uwanja wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, uwe karibu kwa mwenye pesa ya ushuru. Anayepita chini, kwenye Barabara ya Mombasa, bado yuko mikononi mwa foleni. Wakazi wa Kampala waliishi miaka mingi kwa kumbukumbu za ndege zilizowaacha kwenye njia ya Entebbe, hadi barabara ya kasi ilipofunguliwa mwaka 2018. Na kwa waliofanya kazi kwenye hoteli za Diani, feri ya Likoni ndiyo iliyokuwa inaamua kila kitu: mgeni aliamshwa alfajiri kwa ajili ya ndege ya mchana kwa sababu hakuna aliyeweza kuapa feri itavuka kwa muda gani. Njia ya Dongo Kundu imempa dereva chaguo la pili. Nina ushauri mmoja tu kuhusu barabara: hesabu safari yako ya uwanjani kwa siku mbaya unayoikumbuka, usihesabu kwa siku nzuri.

Kuna kosa jingine ambalo haliletwi na foleni wala mvua, na kwa maoni yangu ndilo linalotuumiza zaidi sisi watu wa ukanda huu, ingawa halizungumzwi vya kutosha. Ndege nyingi za kwenda Ghuba, Uturuki na Ulaya huondoka usiku mkubwa, na tiketi imeandikwa kwa saa ambazo si zile tunazoishi nazo. Tiketi inasema 08:00. Kwa haraka jicho linasoma nane, na akili iliyokulia hapa inakwenda saa nane mchana, wakati ndege inaondoka saa mbili asubuhi. Hilo angalau linagunduliwa mapema, kwa sababu watu huulizana. Lisilogundulika ni la tarehe. Tiketi inasema tarehe 16, saa 00:35. Familia inaandaa chakula cha kuaga jioni ya tarehe 16, inakwenda uwanjani saa tatu usiku ikiwa na furaha ya kuwahi, na kuambiwa kwamba ndege iliondoka jana yake usiku, walipokuwa wamelala. Ndege ya 00:35 ya tarehe 16 ni ya usiku wa kuamkia tarehe 16: mabegi yanatoka nyumbani jioni ya tarehe 15. Anayekata tiketi kwa wakala asiondoke dirishani kabla hajasomewa kwa Kiswahili ni usiku wa kuamkia siku gani, na kabla hajairudia kwa kinywa chake mwenyewe mbele ya wakala huyo.

Sasa tuingie ndani ya jengo. Jengo la Tatu la Abiria jijini Dar es Salaam lilifunguliwa Agosti 2019 likiwa na uwezo wa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka, na siku nyingi foleni yake si ya kutisha. Kwa hiyo wengi hujiuliza: kama kukaguliwa, kupokelewa na kupita uhamiaji kunaweza kumalizika ndani ya saa moja, kwa nini niambiwe nifike saa tatu kabla?

Jibu liko sakafuni, karibu na mizani. Simama pale dakika chache uangalie. "Mama, begi lina kilo 27. Punguza nne, mama yangu." Mama anapiga magoti, anafungua zipu, na mbele ya watu wote anaanza kuamua: unga wa muhogo au dagaa? Vitenge vya wifi au viatu vya mtoto? Begi limefungwa kwa plastiki iliyolipiwa pale mlangoni, kwa hiyo plastiki nayo inachanwa. Kilo nne zinahamia kwenye begi la mkononi, na begi la mkononi nalo linapimwa. Hapo dakika 20 zimekwenda, na mama huyu hana kosa lolote isipokuwa kwamba nyumbani hawana mizani.

Pembeni yake kuna kijana ambaye pasi yake ya kusafiria inasema Mohamed na tiketi inasema Muhammad, au jina la babu liko kwenye hati moja na halipo kwenye nyingine. Majina yetu yanaandikwa kwa namna nyingi na kila karani ana yake. Marekebisho yanawezekana, lakini yanafanyika kwenye ofisi nyingine, kwa simu, na pengine kwa malipo. Mwingine anaulizwa tiketi ya kurudi, barua ya mwaliko, mahali atakapofikia. Watu huona kama mfanyakazi wa shirika anajipa kazi ya ubalozi, lakini shirika likimfikisha abiria asiye na hati sahihi linaweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha, kwa hiyo hati zinakaguliwa hapa kabla hazijakaguliwa kule. Tatizo la namna hiyo likigundulika saa tatu kabla, mara nyingi kuna njia. Likigundulika dakika 70 kabla, mtu yuleyule, mwenye karatasi zilezile, anaachwa.

Saa tatu, basi, ni akiba ya kurekebisha kisichotarajiwa. Asiye na cha kurekebisha atazimaliza ameketi, na hakuna hasara kubwa katika hilo. Yapo hata hivyo mambo ambayo hakuna kuwahi kutakayoyatibu. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, ingawa tangu mwaka 2016 kikishapatikana kinadumu maisha yote. Pasi iliyobakiza chini ya miezi sita hukataliwa na nchi nyingi. Hayo ni ya kuyatazama wakati wa kukata tiketi.

Halafu kuna kusindikizana. Nalipenda jambo hili na sitaki tuliache. Kwenye uwanja wa Embakasi wa zamani, uliofunguliwa mwaka 1958, kulikuwa na roshani ambako ndugu walipanda kuwapungia mkono wasafiri mpaka ndege ipotee, na wazee wa Nairobi bado wanaisimulia. Milango ya ukaguzi imeziondoa roshani za namna hiyo, lakini watu hawajaacha kuja: Coaster nzima kwa anayekwenda Hija, au bibi harusi anayefuata mume Muscat, au mwanafunzi anayekwenda China. Dua inasomwa kwenye maegesho, picha zinapigwa na kila shangazi, mtoto mdogo anakataa kuachia shingo. Haya yanachukua nusu saa na zaidi, na yanastahili. Yawekewe tu muda wake kwenye hesabu, au bora zaidi dua na nasaha za wazee zimalizike nyumbani watu wakiwa wameketi. Kisha ndugu wawili wenye utulivu wasiondoke uwanjani hadi msafiri atume ujumbe kwamba ameshapita uhamiaji. Hao ndio watakaopokea kilo nne za mama, na ndio watakaokimbia kuchapisha barua iliyosahaulika.

Mwanauchumi wa Marekani George Stigler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1982, anakumbukwa kwa hoja ambayo wasafiri wa nchi tajiri wanaipenda: kwamba mtu asiyewahi kuachwa na ndege amepoteza muda mwingi mno viwanjani. Kwa hesabu ya mtu wa Chicago ni hoja nzuri. Akiachwa na ndege ya saa nne kwenda New York, kuna nyingine mchana na nyingine jioni, na hasara yake ni saa chache na pesa kidogo.

Ichukue hoja hiyo umpelekee binti anayekwenda Saudia kufanya kazi za ndani. Viza yake ina tarehe ya mwisho ya kuingia. Nauli imelipwa na mwajiri au wakala, na ikipotea huenda ikageuka deni lake. Kwenye tiketi nyingi, asiyetokea kwenye kipande cha kwanza cha safari hufutiwa vyote vilivyobaki, pamoja na cha kurudi. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou ana fedha za watu mkononi. Mgonjwa anayepelekwa India ana daktari aliyempangia siku. Hawa wote hawana ndege ya jioni. Kwao kuachwa ni kuanguka kwa mpango ambao ukoo mzima umeuchangia, na kwa hiyo saa nne za kuketi kwenye benchi ni bei ndogo. Muda wa kufika uwanjani upimwe kwa kile utakachopoteza ukiachwa, kabla hujaupima kwa urefu wa foleni. Mzoefu wa Dar–Mwanza mwenye mkoba wa bega, aliyejisajili kwenye simu tangu jana, akifika saa moja na robo kabla ya ndege, hajafanya uzembe wowote. Anayesafiri nje kwa mara ya kwanza afike saa nne kabla, na asione haya.

Kufika mapema kupita hapo hakusaidii, kwa sababu kaunta nyingi hufunguliwa saa tatu hivi kabla ya ndege, na nje yake hakuna cha kufanya ila kungoja. Wakati mwingine kunadhuru. Mwaka 2022, viwanja vya Ulaya vilipoelemewa kwa uhaba wa wafanyakazi baada ya UVIKO-19, watu wa Amsterdam waliosikia habari za foleni walianza kufika saa nyingi mno kabla, wakaziba njia ya wale ambao ndege zao zilikuwa karibu kuondoka, na uongozi wa Schiphol ukawaomba abiria wasifike zaidi ya saa nne kabla. Uwanja huohuo ulikubali kuwafidia abiria walioachwa kwa sababu ya foleni zake. Huo ni mfano wa kuigwa kwetu: aliyefika kwa wakati aliotajiwa asibebeshwe hasara ya mashine mbovu au maofisa wachache.

Na wanaofika mapema kwetu watunzwe. Wengi wao wametoka mikoani kwa basi la usiku na hawana ndugu mjini wa kufikia, kwa hiyo uwanja ndio nyumba yao ya siku hiyo. Wanaketi juu ya mabegi nje ya milango, wakiwa na watoto, wakinunua maji kwa bei ya uwanjani. Mabenchi yaongezwe upande wa nje wa ukaguzi, choo kisafi kiwepo huko huko, na mizani ya bure iwekwe mlangoni ili kilo zipunguzwe kabla ya foleni badala ya mwisho wake.

Kwa mashirika ya ndege ombi langu ni dogo na halihitaji jengo jipya. Mnatutumia ujumbe wa simu siku moja kabla ya safari. Ujumbe huo uandikwe kwa Kiswahili, utaje kaunta badala ya ndege, na utumie saa zetu: kaunta itafunguliwa Jumatano saa tano na nusu usiku, na itafungwa saa saba na nusu usiku wa kuamkia Alhamisi.